Sehemu ya Pili Haifai

Palikuwa na nchi iitwayo Shwari. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa maana serikali yake haikupenda kutafutwa. Siasa katika nchi hiyo zilikuwa zimekwisha zamani. Kinara wa Taifa alitangaza redioni kwamba kazi hiyo ameimaliza yeye mwenyewe, na wananchi wanaombwa wasiirudie. Kwa hiyo watu wa Shwari, ambao Mungu aliwapa ndimi kama watu wengine, ikawabidi watafute mambo mengine ya kugombania. Wengine wakachagua mpira, wengine harusi za majirani. Mama mmoja aitwaye Sikudhani Mbaruku, mwalimu wa jiografia katika sekondari ya wasichana, alichagua kitabu.

Kilikuwa riwaya nyepesi, jamii ya vile vijitabu vya picha vyenye majina marefu kuliko hadithi zake, vilivyoanzia Japani vikasambaa duniani kama mafua. Hiki kiliandikwa hapo hapo Shwari na Bi Mwanakheri Dachi, karani mstaafu wa posta, naye alikipa jina *Nilifia Kwenye Foleni ya Kitambulisho Nikazaliwa Upya Ujinini*. Wasomaji walikiita Foleni tu. Kilisimulia habari za kijana Mshangama, aliyepanga foleni mpaka roho ikamtoka akiwa wa tatu kutoka dirishani. Alipozinduka alijikuta katika nchi ya majini, ambako ofisi hufunguliwa asubuhi, karani husema "karibu", na neno "kesho" halina tafsiri. Wasomaji walilia. Walisema hawajapata kuona mwandishi mwenye kubuni mambo yasiyowezekana kwa kiasi kile.

Kitabu kilikatika pale pasipofaa kukatika: dirisha la mwisho la Ujinini linafunguliwa, sauti inaita namba ya Mshangama, basi. Sikudhani alikisoma mpaka jalada likang'oka, akalishona kwa uzi wa gunia. Kama mashabiki wote, alikuwa na matamanio mawili. La kwanza ni kujua nani aliyeita ile namba. La pili ni kukiona kitabu kimegeuzwa anime, yaani zile katuni za Kijapani ambazo upepo ukivuma hata unywele mmoja mmoja unapepea. Mwenyewe alikwisha chagua rangi ya mbingu ya Ujinini. Ilikuwa kijani cha limau changa, na aliyependekeza rangi nyingine alikuwa adui yake.

Mwishowe Sehemu ya Pili ikatoka. Sikudhani akawatoa wanafunzi wake nje wakapime uwanja, yeye akajifungia darasani na kitabu. Wasichana walipima uwanja, wakapima vyoo, wakapima nyumba ya mkuu wa shule. Walipomchungulia dirishani walimkuta amekaa na kitabu kimefungwa mapajani, amevimba kama hamira.

Jumamosi Chama cha Mashabiki kilikutana katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi. Mwenyekiti alikuwa Faraji Kipande, fundi simu, mtu mwema aliyependa kila kitu. Ukimpa chai isiyo na sukari husema ina ladha ya utu uzima. Siku hiyo alivaa pembe za boksi, kama majini ya kitabuni, akafungua kikao kwa bashasha.

"Ndugu zangu, sehemu ya pili tunayo! Sasa anime haiko mbali. Watengenezaji hawashiki kitabu kimoja kikavu. Wanataka mwendelezo, wapate msimu mzima wa vipindi. Mimi nasema wimbo wa kufungulia upigwe na tarumbeta."

"Faraji," Sikudhani akasema, "umekisoma?"

"Mwalimu, suala si kusoma. Suala ni anime."

"Sehemu ya pili haifai."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Haifai," akarudia, akasimama. "Tulisubiri miaka tujue nani aliita namba. Tunaambiwa nini? Kwamba namba ilikuwa ya mtu mwingine! Halafu sura ya nne. Mmeiona sura ya nne? Mshangama anakaa jikoni kwa kibibi mmoja wa kijini, anatazama pilau ikipikwa. Kurasa arobaini! Kitunguu kinakaangwa kurasa sita! Nani atachora hiyo? Mtazamaji atakaa kipindi kizima anaangalia sufuria?"

"Mimi ningeangalia," akasema mmoja kutoka nyuma.

"Wewe ungeangalia hata ukuta!"

Wakaja juu wote. Waliopenda sehemu ya pili wakawaita wasioipenda wachawi, na wasioipenda wakawaita wenzao mazuzu. Mtu akavuliwa pembe. Faraji akapanda kwenye kiti akapiga kelele, "Tunataka sehemu ya pili! Bila sehemu ya pili hakuna kitu!" Wafuasi wake wakaitikia wakigonga meza. Sikudhani naye, sauti ikiwa imemkauka, akajibu, "Haifai! Haifai! Ilipoishia sehemu ya kwanza ilitosha!"

Nao walikuwa wamemsahau bwana mmoja mpole aliyekaa kwenye kona, akisubiri, kama alivyosema, fotokopi ya cheti cha kuzaliwa. Huyo aliitwa Bwana Shungi, na alikuwa mtumishi wa Idara ya Masikio.

Hapa yafaa msomaji aelezwe jambo. Katiba ya Shwari ilimpa Kinara kipindi kimoja tu cha utawala, kirefu kiasi cha kutosha nywele kumwisha, na kipindi hicho kilikuwa kinafikia ukingoni. Kinara alikuwa mtu mnyenyekevu. Alitangaza kwamba ataondoka akafuge nyuki, isipokuwa kama wananchi wenyewe, bila kuambiwa na mtu, watamwomba abaki. Wananchi wakaendelea kutoambiwa, na wakaendelea kutoomba. Wakubwa walikuwa hawalali.

Jumatatu Bwana Shungi alifika shuleni kwa Sikudhani. Akakaa katika chumba cha walimu, akasifia chai, akasifia ramani ukutani, ndipo akasema, "Mwalimu, tumesikia kuwa unasema sehemu ya pili haifai."

"Na nitasema tena. Wewe umekisoma?"

"Ah, kitabu," akacheka kidogo. "Tunajua ni kitabu. Usidhani serikali ni mjinga wa kijiweni. Lakini sikiliza. Bwana Kipande tumeshaelewana naye. Mashabiki watatembea mpaka uwanja wa taifa wakiimba 'tunataka sehemu ya pili', redio itakuwepo. Mtu akisikia redioni, mwalimu, haoni pembe za maboksi. Anasikia tu umma unaomba. Na serikali kwa shukrani itagharimia ile katuni yenu. Anime kamili, mwalimu. Yenye upepo."

Sikudhani akasogeza kiti karibu. Tusimpambe mama wa watu. Hakuwa shujaa. Alimpigia kura Kinara alipoambiwa, na picha yake aliitundika sebuleni, upande usio na unyevu.

"Mnataka nini kwangu?"

"Kidogo sana. Watu wanakusikiliza. Uje redioni, useme, 'Sehemu ya pili inafaa.' Maneno manne, ukanywe soda."

"Ongeza maneno mawili," akasema Sikudhani. "Niseme sehemu ya pili *ya Kinara* inafaa. Hapo nitasema mpaka koo linitoke damu. Mimi na Kinara hatuna ugomvi."

Bwana Shungi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Haiwezekani. Kinara amepiga marufuku mtu yeyote kumfanyia kampeni. Ukimtaja jina nitakukamata."

"Basi nikisema bila kumtaja, nitakuwa nasifu kitabu."

"Ndiyo."

"Chenye ile sura ya nne."

"Mwalimu, hiyo sura ya nne ina nini?"

Akamweleza. Alimweleza mpaka kengele ikalia, wanafunzi wakaingia na kutoka, chai ikaota utando. Mwisho akasema, "Bwana Shungi, mimi nimekula viapo vingi katika nchi hii na sikumbuki hata kimoja. Lakini kitabu kile nilikishona kwa mkono wangu. Siwezi kwenda redioni kuwaambia watu kwamba hiki nacho ni kitabu."

Bwana Shungi akainuka, akamshukuru kwa chai, akamkamata.

Maandamano yalifana. Faraji alitangulia na pembe mpya zilizolipiwa na serikali, nyuma yake umati wa majini ya maboksi, na wanafunzi na askari kanzu waliovikwa pembe ili idadi itoshe. Redio ikatangaza kwamba umma, kwa hiari yake na kwa sauti moja, umeomba sehemu ya pili. Kinara akatoa machozi hewani. Akasema alikwisha nunua mizinga ya nyuki, lakini afanye nini, mtoto akililia wembe mpe. Kabla wiki haijaisha katiba ilikuwa imebadilishwa, na hapakuvunjika hata kikombe.

Kesi ya Sikudhani ilisikilizwa katika mahakama iliyojaa mpaka madirishani. Shitaka lake lilikuwa kuchukia mwendelezo hadharani. Hakimu, mzee mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu, alifungua kwa maneno mazito.

"Mwendelezo," akasema, "ni msingi wa ulimwengu. Jana iliendelea ikawa leo. Yai liliendelea likawa kuku. Anayeuchukia mwendelezo anamchukia kuku, na anayemchukia kuku anakichukia kilimo. Mshitakiwa, kilimo kimekukosea nini?"

"Mheshimiwa, mimi nazungumzia riwaya. Na naomba aitwe mwandishi mwenyewe. Kitabu hiki kimeharibiwa. Bi Mwanakheri hawezi kuandika vile. Kuna mkono wa wizara humu. Mwiteni aseme mbele ya watu kwamba alilazimishwa!"

Ndilo tumaini lililomweka macho makavu tangu alipokamatwa. Kila alipokosa usingizi alijiambia, mama yule atakuja, atasema kweli, nami nitakuwa nimemtetea.

Bi Mwanakheri Dachi akaja. Alikuwa mwembamba, amevaa khanga mbili zilizopigwa pasi, na alimtazama Sikudhani kama mtu anayetazama doa kwenye kitambaa cheupe.

"Hakuna aliyenilazimisha," akasema. "Hakuna aliyenigusia hata koma. Niliandika mwenyewe, kwa moyo wangu wote. Na sura ya nne ndiyo niipendayo kuliko zote."

Mahakama ikaguna. Sikudhani akashika kizimba.

"Mama, kurasa arobaini za pilau?"

"Ni pilau ya mama yangu!" Sauti ya Bi Mwanakheri ikapanda. "Alifariki mwezi ule ninaandika. Hakuacha picha hata moja, maana kila alipokwenda kupigwa ya kitambulisho aliambiwa arudi kesho. Nikamweka pale jikoni. Yule kibibi ni yeye, anavyofunga ushungi wake, anavyoonja mchuzi kiganjani. Nikimaliza sura anakufa tena, ndiyo nikawa simalizi. Wewe unakwenda kumtukana mbele ya watu kwenye duka la fotokopi!"

Sikudhani alihisi uso ukimwaka. Angeweza kuishia hapo akaomba radhi, na pengine hakimu angemwachia.

"Pole sana, mama," akasema taratibu. "Mungu amrehemu. Lakini msomaji hakulijua hilo. Msomaji anajua tu kwamba namba imeitwa na mtu amekwenda kula."

"Mfungeni," akasema Bi Mwanakheri.

Hakimu, ambaye ndiye aliyestahili kusema neno hilo, akakubali kwamba limesemwa vizuri. Sikudhani alifungwa mpaka atakapokipenda kitabu.

Kila Ijumaa askari jela alimjia na kumuuliza kama kinafaa, naye alijibu, "Bado." Siku moja yule askari akataka kujua ni kitu gani hicho kigumu namna hiyo kukipenda, akakiazima, akakisoma. Akampa mwenzake. Haukupita muda mrefu, jela nzima ikagawanyika. Askari wa zamu ya asubuhi waliipenda sura ya nne, wale wa zamu ya jioni hawakuipenda, na kubadilishana zamu kukawa hakufanyiki bila marungu. Mkuu wa gereza akaandika kwamba mfungwa huyu ni hatari kwa nidhamu ya magereza, naye Sikudhani akafukuzwa atoke.

Alirudi nyumbani hana kazi. Shule ilikwisha pata mwalimu mwingine wa jiografia, mpwa wa mtu fulani, aliyewafundisha wasichana kwamba Shwari imepakana na Shwari pande zote. Sikudhani akawa anafundisha watoto wa jirani kwa malipo ya unga na mafuta. Waliomfahamu walivuka barabara wakimwona.

Aliyekuja ni Faraji, ndani ya gari la serikali, maana sasa alikuwa Naibu Mkurugenzi wa Mwendelezo wa Taifa. Alisimama mlangoni na kadi ya mwaliko.

"Mwalimu, anime imekamilika. Inaonyeshwa Jumapili jioni, uwanja wa taifa. Nimekutengea kiti cha mbele. Karibu na mwandishi, samahani, ndicho kilichobaki."

"Huna haya, Faraji."

"Sina," akakubali. "Lakini anime, mwalimu. Tumeisubiri mimi na wewe."

Sikudhani akashika kitasa. "Hebu niambie kitu. Mmenitia jela kwa ajili ya kitabu hicho. Wewe sura ya nne uliionaje?"

Faraji akainamisha kichwa, akakwaruza mlango kwa kucha. "Sijakisoma, mwalimu."

"Hujakisoma?"

"Nilikuwa nasubiri anime."

Sikudhani alimfungia mlango usoni. Kisha akaufungua tena, akachukua kadi, akaufunga upya.

Jumapili uwanja ulifurika. Pembe za maboksi zilijaa mpaka juu kabisa, za waliopenda na za wasiopenda, na Masikio walikaa kila baada ya viti vichache wakijifanya wanakula karanga. Sikudhani alikaa kando ya Bi Mwanakheri bila kusalimiana. Kiti kilichofuata kilikuwa cha Bwana Shungi.

Waziri wa Mwendelezo alipanda jukwaani. "Ndugu wananchi! Kamati yetu ilikwenda Japani kujifunza. Ilikaa hoteli saba. Imegundua kwamba katuni hizi ni nzuri, ila zina kasoro moja kubwa: zina harakati. Watu wanakimbia, nywele zinapepea, kila kitu kinasogea huku na huku. Ninyi mnajua msimamo wa serikali kuhusu harakati. Kwa hiyo tumetengeneza anime ya kwanza duniani iliyo tulivu. Ni kutoka sehemu ya pili, sura ya nne. Makofi!"

Watu wakapiga makofi, maana walizoea. Kitambaa kikubwa kikaangazwa.

Ilikuwa picha moja. Mbingu ilikuwa kahawia. Chini yake palikuwa na jiko, na juu ya jiko sufuria, na nyuma ya sufuria, mahali alipopaswa kuwepo kibibi wa kijini mwenye ushungi, alisimama Kinara wa Taifa amevaa aproni, ameshika mwiko, anatabasamu. Haikusogea. Muziki wa tarumbeta ulipigwa ukaisha ukaanza tena. Hata mvuke wa pilau ulisimama wima kama mlingoti.

Sikudhani alisikia pumzi ya mtu wa pembeni yake ikikatika. Alipogeuka alimwona Bi Mwanakheri ameinuka, khanga imeanguka begani, anaikodolea picha macho.

"Huyo si mama yangu," akasema.

"Kaa chini, mama," Bwana Shungi akamnong'oneza.

"Mama yangu yuko wapi? Mmempeleka wapi mama yangu?"

"Kaa, unaziba watu."

Sikudhani hakumpenda mwanamke yule. Alikuwa na sababu nyingi za kutompenda, na jela alipata nafasi ya kuzipanga. Lakini alikijua kile kibibi. Alikichukia kwa kurasa arobaini, mstari kwa mstari, na mtu huwezi kumchukia hivyo bila kumjua. Alimjua namna anavyoonja mchuzi kiganjani na kusema "bado kidogo". Alijua kidole chake cha kati kilikuwa na alama ya moto. Akashtuka kuona ameinuka naye, na sauti yake ya darasani, ile iliyofika mpaka vyooni, imemtoka.

"Kitabu kilikuwa afadhali!"

Masikio waliacha karanga. Bwana Shungi akatoa pingu mfukoni, akazirudisha. Alikuwa amemkamata mwanamke huyu kwa kusema sehemu ya pili haifai. Sasa anaisifu, na hapakuwa na kifungu cha sheria.

"Kweli kabisa," mtu wa safu ya nyuma akasema. "Kitabu kilikuwa afadhali."

"Afadhali mara mia!"

Neno likapanda safu kwa safu kama moto wa mabua. Waliopenda sura ya nne wakasema, na wasioipenda wakasema, na ndiyo mara ya kwanza mashabiki wa Foleni walikubaliana kwa jambo lolote. Katiba ilipobadilishwa watu hawa walirudi nyumbani kula. Mwalimu alipofungwa walisema labda kuna kitu alifanya. Lakini sasa waliitazama ile mbingu ya kahawia na ule mvuke usiosogea, wakaona wamedanganywa. Kiti cha kwanza kiliruka kutoka safu ya wageni waalikwa. Aliyekirusha alikuwa Naibu Mkurugenzi wa Mwendelezo wa Taifa, analia kwa kwikwi, pembe moja imekatika. Kilimpita Waziri sikioni, kikachana uso wa Kinara kutoka kidevuni mpaka kwenye aproni.

Viti vilivyofuata havihesabiki. Waziri alitoka kwa kutambaa chini ya zulia jekundu. Masikio wakavaa pembe zilizoanguka, wakapiga kelele pamoja na umma ili wasijulikane, na wengine wao, wakishaonja kupiga kelele, hawakutaka kuacha. Bwana Shungi alibaki amekaa. Baadaye naye aliinuka, akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakipima uzito, akatazama huku na huku, akakirusha.

Sikudhani alimshika Bi Mwanakheri mkono akampitisha katikati ya vurugu mpaka kwenye lango la mashariki. Walisimama nje wakihema. Ndani uwanja ulikuwa unaunguruma, na kutoka upande wa ikulu magari yalianza kupita kwa kasi yakiwa yamebeba magodoro.

"Usidhani nimekusamehe," Bi Mwanakheri akasema, akijifunga khanga.

"Wala mimi."

"Kwa hiyo ungekuwa wewe, mwalimu wa mito na milima, ungeandika nini? Namba imeitwa, haya. Angefanya nini Mshangama?"

Sikudhani hakufikiri, maana alikuwa na jibu hilo kwa miaka.

"Angekwenda dirishani. Angepewa kitambulisho chake. Angesema asante, akarudi kwao."

"Basi? Si kitabu kingeisha?"

"Kingeisha, mama. Kuna ubaya gani kitu kikiisha?"

Gari jingine likapita, na juu ya mizigo yake, ikiwa imefungwa kwa kamba, ilikuwepo mizinga ya nyuki.